Miaka Ishirini na Minne ya Kusoma Huzuni: Mama Orpha Kavira Anastaafu

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Orpha Kavira anastaafu baada ya kuutumikia Mfuko wa Masomo wa ushirika wetu kwa miaka ishirini na minne. Kwa muda huo wote amekuwa msomaji wa insha za vijana wanaoomba ufadhili wa chuo kikuu. Amesoma zaidi ya elfu sita.

Alizaliwa Butembo, akafundisha shule ya msingi huko, na alipoajiriwa mwaka 2001 ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, huku ugenini, mtaa wa Troyeville. Swali la insha lilikuwa lilelile la leo: eleza shida kubwa uliyopitia na jinsi ulivyoishinda. Alama za matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, ni nusu ya uamuzi. Nusu nyingine ni jibu la swali hilo.

Alisoma akiwa amesimama, maana alisema msomaji akikaa atalala au atalia. Alitumia kalamu ya kijani, na chai yake ya roibosi ilipoa kila siku bila kuguswa.

Mwaka 2019 alikwenda kusukwa kwa Murielle, msusi wa mtaa wa Bertrams, asiyejua mteja wake ni nani. Kichwa kikiwa kimesukwa nusu, alimsikia Murielle akimwelekeza kijana aliyekuwa akijaza fomu yetu kwenye benchi: "Andika uko yatima, ndugu yangu. Kuko mama moja kule biro yao ya masomo, mambo ya yatima inamulizaka sana." Mama Orpha alilipa, akaondoka nywele zikiwa zimesukwa nusu, akavaa kitambaa wiki nzima. Ofisi ilicheka. Yeye alifungua kabati, akakuta insha thelathini na moja za mwaka ule zinaanza kwa sentensi ileile kuhusu machozi. Ishirini kati ya hizo alikuwa amezipitisha.

Hata hivyo aliendelea kusoma, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

Mwaka 2023 Shekinah, binti wa Diepsloot, alituletea alama za juu kuliko waombaji wote. Aliandika kwamba baba yake ni mlinzi, mama yake ana spaza, kiduka cha nyumbani, nyumbani wanaelewana, na yeye anapenda kemia. Pembeni Mama Orpha aliandika kwa kijani: "Haigusi." Shekinah akakosa.

Mwaka uliofuata aliomba tena. Safari hii baba alikuwa ameuawa na majambazi getini kazini, akazikwa siku ya mvua. Mama Orpha alilia akiwa amesimama, akaipitisha.

Kwa desturi yetu mzazi husomewa insha kabla ya kutia saini. Basi akaja Pitchou, Baba Shekinah, moja kwa moja kutoka zamuni, na sare yake ya ulinzi. Karani alianza kumsomea na hakujua jinsi ya kuacha. Pitchou alisikiliza kwa adabu mpaka sehemu ya kaburi. "Ule marehemu ni miye, Mama," akamwambia karani. Kisha akauliza kama mazishini watu walikuja wengi.

Kanuni inasema insha ya uongo humwondoa mwombaji kwa mwaka huo. Barua ya kumwondoa ilitiwa saini na mkono uleule uliokuwa umeandika "Haigusi."

Tangu siku hiyo Mama Orpha ameiomba kamati mara nne iondoe insha. Alisema ilianzishwa ili imsemee mtoto ambaye alama hazimsemi, lakini imewafundisha watoto wetu kuwazika wazazi wao kwa aya nzuri, na anayekataa kumzika mtu hana la kuandika. Pasta Damien, mwenyekiti wetu, aliuliza, "Bila insha tutamjuaje mtoto?" Mama Orpha akajibu, "Na kwa insha tulimjua nani, Pasta?" Kumbukumbu zinaonyesha kikao kilifungwa kwa sala. Insha ipo bado.

Karani aliyepewa kazi ya kuandaa wasifu huu aliombwa aandike mafanikio. Haya ndiyo anayoyajua.

Mwaka huu Shekinah ameomba kwa mara ya mwisho, maana mwakani atakuwa amevuka umri. Kwenye ukurasa wa insha kuna mstari mmoja: "Baba yangu yu hai, na bado napenda kemia." Juzi Mama Orpha aligonga muhuri wa kumkubali kwa alama peke yake, bila kuandika chochote pembeni. Kamati iliiagiza ofisi faili hilo lisubiri hadi Jumatatu, Mama Orpha akiwa ameshaondoka.

Halikusubiri. Kwa katiba yetu, jina likiandikwa katika rejista ya waliokubaliwa halifutwi ila na mkutano mkuu. Jina la Shekinah limeandikwa leo saa mbili asubuhi, kwa wino, na karani aliyeliandika anajua Jumatatu ataulizwa.

Mama Orpha, ahsante. Tunakuombea miaka mingi ya kusoma unachokipenda, ukiwa umekaa, na chai ikiwa moto. Baba Shekinah yuko safu ya tatu, amevaa sare. Tafadhali msalimieni.