Aliyekaimu Mara Tano

Ndugu, jamaa, majirani, wachezaji wa zamani na wa sasa, viongozi wa chama cha soka, na ninyi mlioko nje ya uzio ambao viti havikuwatosha, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja, familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, mimi ambaye ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, fundi cherehani kwa kazi, na wanaonijua wanajua kwamba mtu huyu nilimtania kwa miaka arobaini na zaidi, kwa hiyo msitegemee leo niache ghafla, maana hata yeye angeshangaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa baba fundi viatu na mama muuza mkaa, na inasemekana alianza kupiga mpira kabla hajanyooka kutembea, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akishona mipira ya ngozi ya timu zote za mtaa, na nyumba nzima ilikuwa imejaa mipira iliyopasuka. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1970, akahitimu 1972 na kupangiwa kufundisha jiografia na michezo katika shule ya wavulana iliyo kando ya kiwanda cha sabuni, ambako wanafunzi wake, na wengine nawaona hapa na mvi zao, wanakumbuka kwamba alifundisha mito na milima kwa kuwapanga uwanjani, huyu mto, huyu mlima, na mlima ukisogea anaupigia filimbi.

Mwaka 1974 aliitwa timu ya taifa, akacheza beki wa kulia hadi mwaka 1978 goti lilipomkatalia, na mwaka 1981 kocha wa wakati huo, yule mzee aliyeitwa Mwalimu Saa kwa sababu hakuwahi kuivua saa yake hata akioga, alimchukua kuwa msaidizi wake. Tarehe 8 Desemba 1979 alikuwa ameshafunga ndoa na dada yangu, mkunga wa hospitali ya wilaya, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni mhasibu, kijana wa pili ambaye ni fundi majokofu, na kitinda mimba, mwalimu kama baba yake, aliyezaliwa mwaka 1989 siku ambayo baba alikuwa akikabidhi funguo za ofisi kwa kocha mgeni, na habari hiyo ya funguo ndiyo ninayotaka kuifikia, kwa sababu ndiyo maisha yake.

Ofisi ya chama cha soka, kwa wasioijua, ina ukumbi mrefu wenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na kwenye ukuta wa kushoto zimetundikwa picha za makocha wa timu ya taifa, na utaratibu wa pale ni kwamba picha ya kocha haitundikwi akiwa kazini, inatundikwa akishaondoka, na kwa kuwa makocha wetu huwa hawaondoki kwa hiari yao, picha hutundikwa wiki ileile anayofukuzwa. Anayetundika ni kaimu, kwa sababu ndiye anayeshika funguo, na kaimu mwenyewe, hata ashinde mechi ngapi, hapewi picha, kwani kwa mujibu wa mwenyekiti kaimu ni mtu wa kushikilia mlango usijifunge, si mtu wa kuingia. Marehemu alikaimu mara tano, mara zote tano alinunua msumari kwa pesa yake, na ndiyo sababu nchi nzima ilisahau jina alilopewa na wazazi wake ikamwita Kaimu, watoto wa jirani wakamwita Babu Kaimu, na dada yangu naye, akitaka kumtuma sokoni, akamwita hivyohivyo.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1984, Mwalimu Saa alipofukuzwa kwa kufungwa mabao matano nyumbani, na marehemu, akiwa na miaka thelathini na mitatu, alishinda mechi mbili kati ya tatu, akaja dukani kwangu na kitambaa cha sufu cha buluu iliyokoza, akaniomba nimshonee suti ya kuvaa siku atakayothibitishwa. Niliishona kwa siku nne, nikaipiga pasi, akaijaribu mbele ya kioo changu kilichopasuka pembeni, akavua, akaapa mbele yangu na mbele ya dada kwamba suti ile haitavaliwa harusini, wala kwenye mahafali, wala kanisani, mpaka aitwe kocha bila neno lingine mbele yake. Wiki iliyofuata mwenyekiti alitangaza kwamba ameajiriwa mgeni, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na suti ikarudi kabatini.

Mgeni huyo tulimwita Profesa, alikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani katika kambi isiyokuwa na umeme, akawafundisha wachezaji kona fupi mpaka watu wakaimba jukwaani kumdhihaki, akafukuzwa 1989, marehemu akatundika picha, akakaimu, akanijia dukani nimwongezee suti kiunoni, na kabla sijamaliza mshono wa pili mwenyekiti akasema mgeni njoo. Akaja Filimbi, aliyepiga filimbi hata wakati wa kula, mtu pekee duniani aliyeamini kwamba mpira wa kurusha ni silaha, akafukuzwa 1995, msumari, picha, kiuno, mgeni njoo. Akaja Bwana Kesho, mpole kuliko maji ya mtungini, ambaye kila akifungwa alisema matokeo yatakuja kesho, akafukuzwa 2001 kesho hiyo ikiwa haijafika, na mimi nikaanza kumwambia shemeji kwamba akiba ya kitambaa niliyoacha kwenye mishono inakwisha, kwa hiyo ama chama kimthibitishe ama apunguze wali. Akaja Mkali, aliyewakimbiza wachezaji hadi wakatapika, na ndani ya miaka hiyo, mwaka 2004, binti yake wa kwanza aliolewa, na baba wa bibi harusi alimsindikiza mwanawe akiwa amevaa koti la kuazima lililomning'inia mikono, suti yake mwenyewe ikiwa kabatini, na siku hiyo sikumtania, niligombana naye waziwazi, nikamwambia mwenyeji hataponywa na mgeni yeyote na avae nguo yake. Akanijibu kwa upole kwamba shemeji, kiapo ni kiapo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mnaokumbuka tarehe 17 Novemba 2007 mtanisahihisha nikikosea. Mkali alikuwa amefukuzwa wiki moja kabla, ilibaki mechi moja ya kufuzu fainali ambazo nchi hii haikuwahi kuzikanyaga, sare haitoshi, lazima tushinde, na Kaimu akaitwa mara ya tano akiwa na miaka hamsini na sita, na mwenyekiti alishasema redioni kwamba mgeni mwingine yuko njiani. Mimi mpira siupendi, niliufuata kwa ajili yake tu, lakini siku hiyo nilifunga duka, nikakaa jukwaani katikati ya dada yangu na muuza vipuri mmoja mwenye tarumbeta, na kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili bila, tarumbeta imenyamaza, na watu wa nyuma yetu wameanza kutafuta viatu vyao waende.

Kilichotokea chumba cha kubadilishia nguo tumesimuliwa na Komeo, golikipa wa siku hiyo, ambaye yupo pale mstari wa pili, kwamba Kaimu hakupiga kelele, aliwaambia tu kwamba amekaa na makocha watano, kila mmoja ameacha mabaya kumi na jema moja, yale mabaya wameyafanya yote kipindi cha kwanza, sasa watoke wakafanye yale mema. Dakika ya hamsini na nane tukapata kona, na badala ya kuupiga mpira juu wakaugonga mfupi, kona ya Profesa, ileile iliyotungiwa wimbo wa dhihaka, ukarudishwa, ukapigwa, wavu ukatikisika, na watu wa viatu wakakaa. Dakika ya sabini na moja beki wa kulia, anayecheza pale alipocheza shemeji yangu, akaushika mpira wa kurusha, akarudi nyuma hadi kwenye mabango, akautupa hadi mlangoni mwa goli kama alivyotaka Filimbi, kichwa, bao, mbili kwa mbili, na dada yangu, mkunga mwenye heshima zake, akampokonya jirani yetu tarumbeta na kuipuliza mwenyewe.

Kisha zikabaki dakika nne, uwanja mzima unawapigia kelele wapige mbele, wapige mbele, na wao hawapigi, wanapasiana tu, huku na huku, taratibu, kama watu wasio na haraka ya kwenda popote, na Kaimu amesimama pembeni mwa mstari ameinua kiganja akiwatuliza, ndipo nikasikia mzee mmoja akisema huyu sasa ametuletea Bwana Kesho, na kweli alikuwa Bwana Kesho, pasi ishirini na ushee, hadi beki wao mmoja akachoka akatoka kwenye nafasi yake, winga wetu mwembamba tuliyemwita Kijiti akapita pale alipotoka, akaudokoa, ukagonga mtambaa panya, ukashuka, ukaingia. Kesho ilikuwa imefika. Nililia, nikamkumbatia muuza vipuri nisiyemjua hata jina, na mpaka leo sijutii.

Tarehe 26 Novemba 2007 mwenyekiti, ambaye watu walikuwa wamelizunguka gari lake tangu asubuhi, alimthibitisha marehemu kuwa kocha mkuu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza kuongeza kiuno kwa mara ya nne, akiba ya kitambaa imebaki upana wa ukucha, akavaa suti yake ya miaka ishirini na mitatu, akapigwa picha, na mkononi mwa dada yangu mlikuwa na leso moja ambayo tulipokezana sote wawili.

Kwenye fainali, mwezi Januari 2008, tulifungwa mechi zote tatu, nisifiche, na tarehe 4 Februari alifukuzwa kazi. Dada alimsubiri mlangoni akiwa ameandaa maneno ya kumfariji, nami nimekaa sebuleni na yangu, akaingia anacheka hadi machozi yanamtoka, akasema mke wangu, shemeji, kaimu huwa hafukuzwi, kaimu huambiwa asante akaenda zake, leo nimefukuzwa kama kocha kamili. Na kwa kuwa chama kilikuwa hakijateua kaimu mwingine, na funguo alikuwa nazo bado, kesho yake alinunua msumari wa sita, akaenda na nyundo ya kijana wake, akaitundika ile picha ya suti kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyuma hatua chache kuona kama imekaa sawa, na mhudumu wa ofisi aliyemshikia ngazi anasema aliifuta vumbi ilhali haikuwa na vumbi. Picha ipo hadi leo, ya sita kushoto, na chini yake imeandikwa kocha, bila neno lingine mbele yake.

Baada ya kustaafu alilima bustani na kubishana na redio, hadi mwaka 2021 madaktari walipogundua kwamba figo zake zimechoka, akatibiwa kwa uvumilivu ambao sikuutegemea kwa mtu aliyeshindwa kukaa kwenye kiti dakika tisini, na mwezi uliopita aliniita kando ya kitanda chake wodini, akaniomba nije na kipimo na chaki. Suti niliyoiongeza mara nne, alinitaka niipunguze. Alisema shemeji, koti la kuazima nilivaa mara moja ukaninunia mwaka mzima, huko niendako sitaki mtu aseme nimevaa nguo ya mwingine. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Machi 2023, mke wake na watoto wote watatu wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ameacha mjane, watoto hao na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, walimu wenzake, majirani waliotuletea maji, kuni na viti, wachezaji waliobeba jeneza wakagombania zamu kama wanavyogombania penalti, na chama cha soka, akiwemo ndani yake yule mwenyekiti wa zamani, ambaye ameketi pale na leo hajasema mgeni njoo.

Lililobaki ni la fundi kwa mteja wake. Shemeji, suti imekaa vizuri, mabega yako sawa, mikono haining'inii. Kitambaa kilichozidi sikukikata, nimekikunja ndani ya mshono wa kiuno kama nilivyozoea, ukinenepa huko fumua mwenyewe. Pumzika kwa amani, Kocha.