Injini Inakwenda Kusajiliwa

Muuguzi alipanda basi la asubuhi akiwa amekumbatia mfuko mzito, akaketi kando ya mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akizungumza Kiswahili kwenye simu. Ugenini, lugha ya nyumbani ni undugu tosha. Mzee alipokata simu, muuguzi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huo mfuko unanimwagia mafuta mguuni."

"Samahani, baba. Ni injini ya pikipiki yangu. Naipeleka kusajiliwa."

Mzee alichungulia mfukoni, akaona kweli hataniwi. "Kwani pikipiki yenyewe haitembei?"

"Bila namba hairuhusiwi barabarani, na namba hawatoi mpaka waione pikipiki. Karani wa usajili akasema anachotaka ni kusoma namba ya injini tu. Jirani yangu makanika akaifungua jana."

"Si ubaki na basi tu?"

"Basi hili linanichelewesha wodini. Nikichelewa tena, kazi imekwenda, na kibali cha kuishi hapa kinaifuata." Akaupakata mfuko vizuri. "Nilitaka pikipiki kubwa, mume wangu akakataa. Leo namshukuru."

"Na wakitaka kuisikia ikiwaka?"

Hilo muuguzi hakuwa amelifikiria. "Karani hakusema."

"Karani hasemi, mwanangu. Anakungoja ufike."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya usajili. Kituo cha mzee kilikuwa bado mbali, lakini aliinuka, akashika mkono mmoja wa mfuko.

"Twende. Wakitaka kuisikia, nitanguruma mimi."