Maman Constance na Karatasi Iliyofika Sange

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika ofisi yetu ya mafunzo ya afya, Maman Constance Nabintu anastaafu tarehe 31 Machi 2003. Anaiacha meza ya dirishani aliyoikalia tangu 1974, na hadi leo hakuna aliyethubutu kuazima mkasi wake bila kuomba ruhusa.

Alianza kama mpiga chapa. Siku moja mchoraji wa ofisi aliugua, Maman akachora mwenyewe bango la chanjo, na tangu hapo mashine yake ya kuandikia ikaanza kula vumbi. Mabango yake yalifika Katana, Bunyakiri na kila parokia yenye ukuta. Kabla ya kuchapisha lolote alikwenda nalo soko la Kadutu, akawaonyesha akina mama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kisha akanyamaza awasikie wanaona nini. Wakiona kitu kingine, alichora upya.

Oktoba iliyopita kipindupindu kiliingia uwanda wa Ruzizi, na mapigano yalikuwa yamefunga barabara ya Uvira. Wahudumu wetu wa afya hawakuweza kupita. Maman akachora karatasi moja ya picha sita, karibu bila maneno: namna ya kuchanganya maji, sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha. Gari halipiti, akasema, basi karatasi ipite kwenye internet.

Hapo ndipo nilipoingia mimi Floribert, mtu wa kompyuta, ninayeandika haya. Picha ya rangi ilikuwa nzito mno. Kompyuta ilihangaika kuituma saa nzima, kisha mtandao ukakatika. Maman akafuta rangi zote akaacha mistari myeusi, nayo ikaenda kwa dakika chache. Alimwandikia kila mtu barua yake kwa njia hiyo ya internet: mapadri, wauguzi, wanafunzi wetu walio Bujumbura na Brussels. Kila mmoja aliombwa aitume kwa watu watatu, abandike moja ukutani, na ajibu ameibandika wapi.

Ila safari hii tuliruka soko. Kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemsihi tusichelewe. Siku ya tatu alikwenda Kadutu hata hivyo, akakuta akina mama wakiitazama chupa yetu ya litre moja na kufikiria chupa tupu ya bia, maana ndiyo waliyo nayo jikoni. Chupa ile haifiki litre. Chumvi ingemzidi mtoto, na barua arobaini na saba zilikuwa zimeshaondoka.

Niseme ukweli, nilitaka tubadilishe picha kimya kimya. Maman alinitazama juu ya miwani.

"Floribert, litre iko mu kichwa ya munganga wa hospitali. Kwa jikoni kuko chupa. Tulikosa, tuseme."

Akapima upya kwa chupa ya bia, daktari akahakiki vipimo, akaichora chupa yenyewe na shingo yake ndefu. Kisha akaandika barua ya pili kwa wote: toeni ile ya kwanza ukutani, nimekosea. Alitia sahihi peke yake na jina langu hakulitaja. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Majibu yalianza kuja, hadi tukahesabu kuta tisini na tatu. Sange tu, kule uwanda wa Ruzizi, ndiyo ilikuwa kimya. Barabara ilipofunguka Januari, nilikwenda mwenyewe, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza ni picha ipi iliyowafikia. Muuguzi Eulalie alinipeleka kwenye ukuta wa zahanati. Karatasi ilikuwa imepitia Bujumbura na Uvira, ikafika imechakaa, basi mtu aliinakili ukutani kwa makaa. Chupa ilikuwa ya bia. Vipimo vilikuwa sahihi.

"Batoto wengi wenye walikunywa hii, papa, walirudia kwabo," Eulalie aliniambia. Nililia mbele yake, sikujali.

Nilitafuta jina la mchoraji pale ukutani, halikuwepo. Maman aliandika jina lake kwenye kosa ambalo halikuwa lake, na kwenye kazi hii hakuliandika popote. Sisi tunaliandika hapa: Constance Nabintu. Aksanti sana, Maman. Uishi miaka mingi yenye afya na amani, na mkasi wako uondoke nao.