Rasimu Arobaini na Moja za Mzee Phan Duy Khue

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na binti wa kwanza wa marehemu, Dieu Thao, ambaye mama yake amemsihi asisimame hapa mbele ya jeneza, naye amesimama.

Marehemu Mzee Phan Duy Khue alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji kilicho kando ya mto, nje kidogo ya Hue, akaanza shule mwaka 1948, akamaliza sekondari mwaka 1960, akafundisha fasihi hapa hapa mjini hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2001, na wanafunzi wake mliopo mnakumbuka kwamba hakuwahi kurudisha daftari kabla ya kulisahihisha mpaka nukta ya mwisho.

Kazi iliyomwingiza katika kila nyumba ya mtaa huu aliianza mwaka 1968, mji ulipozika watu wengi kuliko ulivyoweza kuwalilia, nayo ni kutunga mashairi ya kusomwa mbele ya jeneza, na kwa kuwa wafiwa huja leo wakitaka shairi kesho, alizoea kuanza mapema, mtu akiwa bado hai, akiandika beti zote na kuacha wazi mshororo wa mwisho mpaka apate habari. Hamkuipenda tabia hiyo. Mzee Suu, fundi saa wa pale kona, alikuwa akimpigia kelele, "Wee Khue, umenifikisha ubeti wa ngapi?" naye hujibu bila kusimama, "Wa tatu, kaka, wewe kula vizuri tu!" wakacheka wote wawili, ingawa Mzee Suu siku hizo hakumaliza wali wake.

Tarehe 8 Februari 1970 alimuoa Bi Ho Thi Nhan, wakajaliwa watoto wawili, Dieu Thao mwezi Mei 1979 na Duy Phuc mwaka 1982. Oktoba 1986 Thao alishikwa na homa siku kumi na mbili, daktari akakata tamaa, na mama alipomkuta marehemu mezani akiandika, akajua anaandika nini, akampokonya kalamu, wasisemeshane hadi mwaka mpya. Mtoto alipona, lakini karatasi ile marehemu hakuichana.

Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa, akarudishwa nyumbani tarehe 2 Novemba, na tarehe 9, saa tatu asubuhi, mvua ikinyesha na mto umeshafika kwenye ngazi zetu, akafariki akiwa na umri wa miaka 82.

Jana mchana watoto walimwekea vitu alivyovipenda, wakajaza jeneza, kama ilivyo desturi, vifurushi vya majani makavu ya chai ili mwili usitikisike, na karatasi zilipoisha Thao alichukua moja kuukuu iliyokuwa chini ya mto wa kitanda cha marehemu, akafungia kifurushi cha mwisho bila kuisoma. Misumari ilipokwisha kupigiliwa ndipo Phuc alipoleta kopo la biskuti ambamo marehemu alitunza rasimu zake, na daftari la orodha, yenye majina arobaini na moja ya watu walio hai, wengi wenu mmeketi hapa, na rasimu zilizokuwemo zilikuwa arobaini. Iliyokosekana ni namba tisa, Dieu Thao, miaka saba. Marehemu alikuwa ameitoa mwenyewe siku zake za mwisho, na hatujui alitaka kuifanyia nini.

Sote tunajua kwamba chenye jina la aliye hai hakichomwi wala hakizikwi na maiti, kisije kikamvuta mwenyewe. Mama alilia, "Fungueni, ni mwanangu huyo!" na baba mdogo akamjibu, "Shemeji, jeneza likishafungwa halifunguliwi, utauletea balaa ukoo mzima," na Thao akamshika mama mikono, akasema liachwe.

Rasimu arobaini mtazichukua kwa Phuc baada ya mazishi, kila mtu yake, msizisomee hapa. Mzee Suu ameshasema yake ibaki kwenye kopo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na majirani mlioliinua jeneza maji yalipoingia sebuleni.

Baba, binti yako ana miaka arobaini na minne, na anaogopa. Karatasi unayo, na kalamu yako Phuc alikuwekea mfukoni. Lala kwa amani, mkono wako nao upumzike, na mshororo ule uuache wazi.