Taa Nyekundu ya Kushuka Kabasha

Mugeni rasmi, Muheshimiwa Kamanda wa Usalama wa Butembo na Beni; bakubwa ba dini; ba papa na ba mama bote benye kufika:

Sisi benye kuendesha tirisikile kwa mikono, ju miguu yetu ilikataa, tunakusalimia. Utusamehe ile wimbo mulituomba tusimamie. Muliimba muzuri bila sisi.

KUKUKARIBISHA

Karibu Butembo. Umetuletea zawadi: tirisikile tatu mupya, rangi inangaa, na jina ya mouvement yenu, ile yenye kutawala hapa, imeandikwa mu mbavu. Wasingya, aksanti. Tulizunguka nyuma yazo, tukarudi mbele, tukazunguka tena. Kulikuwa kitu tulitafuta. Tutakuambia ni nini.

KWENYE TULITOKA

Batu banasahau mbio. Sisi tunakaa karibu na udongo, tunaona miguu ya kila mutu mwenye kupita, na hatusahau hata moja.

Wakati wa Zaïre balitulipisha plaque ya kinga, kodi ya baiskeli, sawa vile tulikuwa na farasi. Mwaka 1996 basoda balipita hapa na bottes za mupira. Balichukua tirisikile ya mwenzetu Gérard ju ya kubeba magodoro ya batu. Yeye mwenyewe balimutoa ndani, bakamuweka kando ya barabara kama gunia ya mihogo. Alitambaa mupaka kwake, na mvua inanyesha. Mwaka 1998 bengine balikuya, bakasema bametuokoa na bale ba kwanza. Hao balichukua ya Éphraïm. Kila mukombozi mwenye kufika anatukomboa sisi, na kinga zetu pia.

ILE TULIFANYA NA MIKONO YETU

Tirisikile inatoka ku atelier bila taa. Banasema taa ni ya mwenye kupenda. Mwenye kutaka anajiongezea. Muheshimiwa, sisi tunapenda! Shofere wa kamio anakaa juu kabisa, na sisi tuko chini ya pua ya gari yake. Akituona, anaona jiwe. Na Kabasha, mulima wa njia ya Beni, unaijua: ukungu wa asubuhi pale unafunika mutu na mukono wake.

Donc Lusenge, fundi wetu, naye miguu yake polio iliikula, alianza kuongeza. Mbele alifunga dinamo ya kinga ya kawaida. Nyuma alikata kikombe ya plastiki nyekundu, ile ya kunywea chai, akatia ampoule ndani, na mabuye ya radio, zile betri, akayafunga chini ya kiti. Kisha akasimamisha fimbo yenye kupita kichwa ya mutu, taa ya nyuma ikapanda juu yake. Hakuna mutu wa serikali alituletea hata musumari. Na wakati wote ile nyekundu iliwaka, hakuna mwenzetu aligongwa ku Kabasha.

Wewe unapita pale na jeep, pengine hakuna mutu alikuambia sheria ya mulima ule. Haikuandikwa fasi yoyote, lakini kila shofere anaijua: *mwenye kupanda anamuachia njia mwenye kushuka.* Ukiwa unashuka mu ukungu na unaona taa nyeupe mbele yako, ni mutu anapanda, atatoka yeye. Ukiona nyekundu, ni mutu anashuka kama wewe. Unakamata fre, unapunguza mwendo.

KILE KINATUUMA

Mwezi wa tatu, ku bariere ya juu ya Kabasha, basoda bako balisimamisha convoi yetu. Mwenzetu Rébecca Kanyere, muuzaji wa sabuni, njo alikuwa wa mwisho.

— Mama, hii taa ya rouge unaitia nani?

— Naambia kamio isinipande.

— Rouge ni alama ya adui. Toa.

— Afande, adui gani anakuya kupigana na kikombe ya chai ku matako?

Batu balicheka. Hata soda mumoja alicheka. Ule wa kwanza hakucheka.

— Tika maloba! Funga kinywa! Nyuma mutaweka nyeupe, ao mutatoa taa yote!

Akavunda kikombe na kitako ya bunduki. Kisha akavunda zetu zote, moja moja. Tulitii. Tulifunga ampoule wazi, nyeupe, ku nyuma.

Juma yenye ilifuata, Kanyere alishuka mu ukungu. Nyuma yake ilishuka kamio ya Issaka wa Beni. Issaka si mutu mubaya; ni yeye alikuwa anatubebea chumvi. Alikuya mwenyewe ku kilio ya Kanyere, akakaa chini na sisi, kofia mu mikono. Alisema: «Niliona nyeupe. Nikasema ni mutu anapanda, ataachia njia. Nikapiga honi. Nikapiga tena.»

Kanyere angeachia njia gani? Alikuwa anashuka.

Tulipokuya ku bureau yako kulilia, mukubwa mumoja alituangalia juu ya meza, akauliza: «Mais, nani aliwaambia muweke taa nyeupe nyuma?»

Muheshimiwa, tunakurudishia ulizo hiyo mbele ya batu bote. Nani?

TUNAOMBA

Hapana unga. Hapana mabati. Hapana blanketi. Tunaomba neno moja. Amri ya kuvunda nyekundu ilitoka mu kinywa, haikuandikwa. Ya kurudisha nyekundu nayo inaweza kutoka mu kinywa, hapa, sasa, basoda bako benye kukuzunguka basikie.

Tirisikile zako tatu hazina taa, mbele wala nyuma. Njo kile tulikuwa tunatafuta. Hakuna mwenzetu atapanda mu moja leo. Mwenye kupiga picha azipige hivyo, tupu.

Kesho ni soko ya Beni. Lusenge amekata bikombe ingine. Ukisema lile neno, tutashuka na jina yako mu wimbo. Ukinyamaza, tutashuka vilevile, na nyekundu ku kila mugongo. Soda mwenye kutaka kuvunda, avunde na mutu ndani. Ku fasi ya mwisho, ile ya Kanyere, atakaa dada yake Katungu. Alituomba yeye mwenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona mutu mwenye kukaa chini. Akulinde mu ukungu, wewe na shofere wako. Na Kanyere amupokee fasi yenye haina bariere. Amina.

Ni sisi, Umoja wa Benye Tirisikile ya Mikono, Butembo na Beni.
Imesomwa na Kahongya Sikuli, Butembo, mwezi wa tano 2002.