Andikeni la Baba Tu

Shikamooni mama zangu. Na ninyi wadogo zangu, poleni na kazi. Mwenyekiti wetu amenibembeleza wiki tatu nisimame hapa, nikawa namkwepa. Leo amenipata. Sipendi kulia mbele za watu, kwa hiyo nikinyamaza kidogo mnivumilie.

Wapimaji walipokuja kijijini kutuandikia hati za mashamba, walikaa uani kwangu. Marehemu mume wangu akawaambia, "Andikeni na jina la mama watoto." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, aliyekataa ni mimi. Mama mkwe alikuwa pale pale anamenya viazi, shemeji zangu wamesimama. Nikaona haya. Mwanamke wa kuja, nijiandikishe kwenye ardhi ya ukoo, nitaonekanaje? Nikasema, "Andikeni la baba tu." Nikajiona mke mwenye adabu, nikaingia jikoni kuwachemshia chai.

Mume wangu akafariki. Hata matanga hayajaisha, shemeji mkubwa akaja na ile hati. "Shemeji, jina lako liko wapi hapa?" Miaka kumi na tisa nimelima karoti na kabichi pale, samadi naipandisha mlimani kwa kichwa. Akaniambia nivune kilichopo, nirudi kwetu. Niliumia, jamani. Na sikumchukia yeye kwanza, nilijichukia mimi. Nikang'oa karoti changa, nyingine nikazitupa mtoni kwa hasira. Ujinga huo naukiri.

Mama mmoja wa kikundi hiki ndiye aliyenishika mkono mpaka baraza la ardhi la kijiji. Wakaniuliza, nani shahidi kwamba mumeo alitaka uandikwe? Walioshuhudia wote walikuwa upande wa shemeji.

Mama mkwe akainuka. Hakuna aliyemwita. Akasema, "Mwanangu alitaka. Huyu alikataa kwa sababu nilimkazia macho. Nilipofiwa mimi, shemeji zangu waligawana shamba nikaachiwa kibanda, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Baraza likaamua. Nilipewa sehemu ya bondeni. Ya juu akachukua shemeji. Sikupata yote, lakini hati ya bondeni ina jina langu na la binti yangu.

Nakushukuru dada uliyenishika mkono, nanyi mlionilimia nilipolala kitandani kwa mawazo. Ninyi wadogo zangu mnaoolewa sasa, siku mkiulizwa jina, litajeni, hata kama sauti inatetemeka na mama mkwe anawatazama. Msione haya kama mimi, maana haya yangu imemgharimu mtu mwingine.

Mama mkwe anakaa kwangu siku hizi. Wanawe hawajakanyaga tangu siku ya baraza, hata salamu hawaleti. Nimemwacha mlangoni, anatazama njia. Kila anayepita, ananiuliza kama ni mwanawe.