Mjane Mwenye Mume

Marehemu Kumudini Vasant Pednekar alizaliwa Sawantwadi tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa sonara, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akahamia kwa shangazi yake Mumbai, akamaliza sekondari huko, mtaa wa Girgaon, mwaka 1968, akijulikana kwa mizaha iliyomchekesha hata mwalimu aliyemwadhibu.

Mwaka 1972 aliingia kwenye filamu za Kihindi, tarehe 18 Mei 1975 akafunga ndoa na mwalimu Vasant Pednekar, na tarehe 2 Machi 1979 wakajaliwa binti wa pekee, Manjiri, ndiye mimi ninayewasomea.

Aliporudi kazini baada ya uzazi, akiwa na miaka ishirini na minane, alipewa kuigiza mama mjane wa mwigizaji mkuu aliyetimiza miaka arobaini na moja, naye akamuuliza mwongozaji, "Bwana, huyu mwanangu nilimzaa kabla sijazaliwa?" akajibiwa, "Dada, wewe lia tu, hesabu tuachie wenyewe."

Basi akalia hadi uzeeni, ndani ya sari nyeupe ya ujane, huku yule mwanawe wa filamu akizidi kupewa wachumba wabichi, wengine wadogo kuliko mimi, na hakuna mwandishi aliyempa Mama mzaha, hasira, wala hata jina. Katika filamu hizo Baba ameuawa kwa risasi, kwa treni na kwa nyoka, ilimradi Mama apate kulia, na kila jioni hakuvuka kizingiti mpaka Baba amfunge tena mkufu wa ndoa, ambao mjane havai, aliovuliwa kazini, akimwambia, "Kaza vizuri, leo wamekuua tena."

Figo zilianza kumsumbua Juni 2020, akafariki tarehe 3 Novemba 2022, akiwa ametuusia tumvalishe kijani, kama avalishwavyo mke anayekufa na kumwacha mume hai, nasi tukamvalisha, na bangili za kijani mikono yote miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa jengo letu waliotuletea wali na dengu siku za msiba ambazo jiko letu halikuwashwa, na wasanii wenzake waliolia naye kwa ujira na leo wanalia bure.

Nanyi wa kampuni ya filamu, mlioleta picha ile kubwa yenye shada, Mama akiwa na sari nyeupe na machozi, asanteni kwa kufika, lakini mumewe ndiye huyo ameketi mstari wa mbele, anapumua, na kumwanika mkewe kama mjane mbele ya macho yake ni matusi, hivyo iteremsheni sasa hivi, tutasubiri.

Mama, mkufu Baba ameukaza kwa mkono wake, pumzika, hakuna tena wa kukuvua.